Sifuri ya Mlangoni

Wasichana wa kidato cha tatu walimwita Madam Ziro, na wala si kwa sababu ya alama alizowapa, ingawa hizo nazo zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Walimwita hivyo kwa sababu Magdalene Moraa hakuruhusu mtu kupima chochote katika maabara yake kabla hajaangalia sifuri. Uwe na gololi, uwe na kipande cha waya, kwanza ulifunga taya za vernia, kile kipimo cha chuma, bila kitu ndani, ukasoma. Kama iko tupu na bado haisomi sifuri, basi chombo kinakudanganya hata kabla hujaanza kazi. "Na ukikiamini," alikuwa akiwaambia, "waongo mtakuwa wawili."

Shule ilikuwa ya bweni, juu mlimani kule Nyamira, mahali ambapo ukungu wa asubuhi uliingia darasani bila kubisha hodi. Wasichana walikuwa arobaini na wanne na vernia zilikuwa sita. Mojawapo ilikuwa na kasoro: ukiifunga tupu, ilisoma mbili. Mwalimu mkuu alitaka itupwe, Magdalene akakataa katakata. Alisema chombo kibovu ambacho unaujua ubovu wake ni afadhali kuliko kizima usichokijua. Wasichana wakazoea. Ukipewa ile ya Madam, unasoma, halafu unatoa mbili.

Sasa vernia hiyo iko kwenye droo ya jikoni hapa Erdington, mtaa wa Birmingham, katikati ya vijiko. Ilikuja Uingereza ndani ya mfuko wa koti, na msidhani aliiba, maana hata yeye aliigundua akiwa tayari amefika. Ilikuwa Januari, mwaka 2001, Alhamisi. Alikuwa katikati ya somo la pendulamu, nyuzi zimefungwa kwenye vyuma, mawe madogo yananing'inia, alipoitwa ofisini kuambiwa kwamba viza imetoka. Mumewe Kimani alikuwa anasoma Birmingham. Magdalene aliwaambia wasichana waache nyuzi zilivyo, wangemaliza akirudi. Miaka miwili tu, alisema.

Ndiyo hiyo miaka miwili inayokaribia ishirini na mitano. Kimani alimaliza masomo, akamaliza na ndoa, akaenda zake. Magdalene akabaki na binti yao Rita, aliyezaliwa huku, na kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Stashahada yake ya ualimu waliitazama, wakaigeuza, wakamrudishia kwa heshima. Alivisha watu soksi, akawalisha, akawageuza kitandani ili ngozi isichubuke, na mara kwa mara, akisafisha mikono kwa ile dawa yenye harufu ya spiriti, alijikuta amesimama maabara. Aliziona taa za spiriti. Aliziona zile meza ambazo wasichana walikuwa wamechonga majina yao kwa bikari, na yeye akijifanya hajaona. Harufu ikiisha, naye anarudi kwenye soksi.

Alipotimiza miaka arobaini na tisa alijiandikisha chuo kikuu, shahada ya kwanza, ya saikolojia, kwa kusoma siku mbili kwa wiki. Kanisani watu waliguna. Mbona asisome uuguzi, kama kila mtu? Magdalene alijibu kwamba wazee aliokaa nao miaka hiyo yote walikuwa wamemwachia maswali ambayo fizikia haikuwa na majibu yake. Hilo lilikuwa kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba alikuwa na kiu ya darasa, kiu ya miaka, na asingejali hata kama lingekuwa la kufuga nyuki.

Siku ya kwanza ya mazoezi ya maabara walipewa visanduku vilivyofanana, vyenye uzito unaotofautiana kidogo sana, waseme kipi ni kizito zaidi. Mwalimu wao, Dipika, mwanamke mdogo kwa umri kuliko Magdalene kwa miaka isiyopungua ishirini, akawaeleza kwamba hapo ndipo fizikia na saikolojia zilipokutana zamani: mkono wa mtu nao ni chombo cha kupimia, na nao una makosa yake, na makosa hayo yanaweza kupimwa. Watoto wa miaka kumi na tisa walikuwa wanachungulia simu. Magdalene alitaka kulia kwa furaha, na alilia kidogo, chooni, kisha akarudi kuandika ripoti. Ripoti hiyo ndiyo iliyopata alama za juu kuliko zote.

Mwaka wa sita ukafika, mwaka wa tasnifu, na tasnifu ikishindikana, hakuna shahada. Miaka yote hiyo ingekuwa kazi bure. Magdalene alichagua kupima upweke wa wazee wanaosema Kiswahili hapa Birmingham, waliovuka miaka sitini. Dipika akawa msimamizi wake. Hojaji ilikuwa ya maswali ishirini, na Magdalene aliitafsiri mwenyewe, neno kwa neno, kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele. Ni mara ngapi unajihisi huna mtu wa kuzungumza naye? Kamwe, mara chache, mara nyingi, daima. Chagua moja.

Basi akaanza kuzunguka. Alikwenda Handsworth kwa Mzee Otieno, mjane, muuguzi mstaafu, anayekaa kwenye nyumba ndefu ya matofali mekundu nyuma ya Soho Road. Mzee alimkaribisha kwa chai na mandazi, akajibu maswali yote ishirini akiwa ameketi wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. Upweke? Kamwe. Tunashukuru Mungu. Alikwenda Bordesley Green kwa Sahra, mama wa Kisomali aliyekulia Garissa, akapitia Uholanzi, akaishia hapa. Sahra naye, mume kafariki baridi ya mwaka juzi, mtoto wake Billow yuko London, akasema salama, alhamdulillahi, nzuri tu. Kamwe, kamwe, kamwe. Akaenda kwa wengine kumi na wawili. Akala chapati, akala sambusa, akala ugali mchana na jioni ya siku moja, na kwa kila nyumba akapewa majibu yaleyale.

Mwezi wa tatu akampelekea Dipika jedwali. Dipika alilitazama kwa muda, akavua miwani. Akasema, kwa upole, kwamba kwa mujibu wa takwimu hizi wazee wanaosema Kiswahili wa Birmingham ndio watu wasio na upweke kabisa katika Uingereza nzima, na kwamba kuna mambo mawili: ama ni kweli, ama kipimo hakikupima. Lisipopatikana jibu la hilo, tasnifu haitakuwa na kitu cha kusema, na mtahini wa nje hataipitisha. Zilibaki wiki tisa.

Magdalene alipanda treni ya kurudi Erdington akiwa amekumbatia mkoba. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya ualimu: angekuwa ni msichana wa kidato cha tatu aliyeleta vipimo kumi na vinne vinavyofanana, angemwuliza nini? Angemwuliza kama ameangalia sifuri. Na hapo, treni ikiwa imesimama stesheni ya Aston, mama wa watu akajipiga paja mpaka abiria wa pembeni akageuka.

Maana mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Hata kama nyumba imeungua, kwanza ni nzuri. Hujambo? Sijambo, na huyo anayesema sijambo ana homa ya kumtetemesha meno. Habari mbaya huja baadaye, ikitanguliwa na "ila", na huja pale anapotaka mwenye habari. Yeye alikuwa ameingia kwenye nyumba za watu na karatasi yenye habari ishirini, akaziuliza mfululizo, mgeni kwenye kochi, chai mbele yake. Walimpa adabu. Yeye akaiandika kwenye jedwali akaiita matokeo.

Na kibaya zaidi, habari zenyewe alikuwa amezisikia. Siku ile ya Bordesley Green, alipokunja karatasi na kuaga, Sahra alivaa viatu na kujitanda shali. Hakuna mtu aliyelelewa vizuri anayemwacha mgeni aende peke yake, lazima amsindikize, angalau hatua chache. Wakatembea polepole kupita hospitali mpaka kituo cha basi. Pale kituoni, mabasi mawili yakapita bila Magdalene kupanda, kwa sababu Sahra alikuwa anamwambia kwamba huwa anawasha redio mbili, moja jikoni na moja sebuleni, stesheni mbalimbali, ili akiwa kwenye ngazi asikie watu wanabishana. Alisema nyumba isiyo na ubishi inamtisha. Magdalene alimshika mkono, akampa pole, akapanda basi la tatu. Na karatasi ndani ya mkoba ilikuwa imeandikwa: kamwe.

Mzee Otieno naye alimsindikiza hadi karibu na gurdwara, hekalu la Masingasinga, akamweleza, macho yakiwa barabarani, kwamba bado anapika samaki wa watu wawili kwa kuwa hajui mchuzi wa mtu mmoja unawekwa chumvi kiasi gani. Na wengine pia. Takribani wote walikuwa wamesema jambo, mlangoni, ngazini, getini. Mtafiti alikuwa amekwisha kufunga daftari.

Nyumbani, Magdalene alitoa vernia kwenye droo, akaifunga tupu, akaisoma. Mbili, kama kawaida yake. Akacheka peke yake jikoni.

Sasa angeweza kukaa na kuandika yote aliyoyakumbuka, na nani angejua? Nisimtie utakatifu asiokuwa nao: alikaa, akaandika kurasa tatu. Kisha akazichana. Watu wale walikuwa wametia sahihi kwa ajili ya maswali ishirini, si kwa ajili ya kituo cha basi. Kesho yake alimwendea Dipika na kumweleza kila kitu, sifuri, sijambo na kusindikiza. Dipika alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatamka maneno mawili ya Kiswahili ambayo Magdalene hakujua kwamba anayo: "Karibu tena." Nyanya yake, alisema, alizaliwa Kisumu, sasa yuko Handsworth, na kila Jumapili humfuata mpaka kwenye gari akimwambia hivyo, na ni hapo kwenye gari, siyo ndani, ndipo humwambia magoti yanavyomuuma. Dipika alikuwa amemaliza miaka mingi akidhani ni bibi tu anapenda kuchelewesha watu.

Kamati ya maadili iliombwa ruhusa ya kuongeza mazungumzo ya njiani. Ilichukua wiki mbili na nusu, na Magdalene alikonda. Ruhusa ilipotoka, alianza na Bordesley Green.

Sahra alisoma fomu mpya ya idhini, akaiweka mezani, akaifunika kwa kiganja.

"Mama Rita," alisema, "yale ya redio, nilikuambia wewe. Sikuambia chuo."

Magdalene aliona kwamba lilikuwa kweli tupu. Aliomba radhi. Alisema ataliondoa jina lake, na kama Sahra hataki, hata hilo la redio hatalitaja popote, na akamaanisha, ingawa moyo ulikuwa unahesabu: bila Sahra nani atakubali? Wakakaa. Redio ya jikoni ilikuwa inaongea peke yake.

"Hiyo simu ya ku-record," Sahra akasema mwishowe, "nani anashika?"

"Mimi."

"Basi nishike mimi. Nikitaka kuzima, nazima. Hapo sawa?"

Ilikuwa sawa. Wakavaa viatu. Walitembea simu ikiwa mfukoni mwa Sahra, na Sahra alisema ya redio, na ya viatu vya marehemu ambavyo bado viko mlangoni ili mwenye kuleta vifurushi adhani kuna mwanamume, na alizima mara moja tu, kwa jambo ambalo hata mimi silijui. Karibu na kituo akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu: "Na wewe, Mama Rita? Habari yako?"

"Nzuri tu," Magdalene akasema.

Sahra akacheka. "Hiyo 'tu' yako ni ndefu, mama." Lakini hakumbana, basi lilikuwa linakuja.

Magdalene aliisikia tena sauti hiyo kwenye rekodi wiki hiyohiyo, alipokuwa akiandika mazungumzo, neno kwa neno. Ilimbidi arudishe nyuma mara tatu. Sahra alikuwa hajamaliza hata kutamka "habari", na yeye tayari alikuwa amejibu. Nzuri tu. Haraka, safi, bila kitu ndani. Aliandika maneno hayo mawili kama sheria ya utafiti inavyotaka, akaendelea na mstari uliofuata.

Kati ya wazee kumi na wanne, kumi na mmoja walikubali kusindikiza. Jedwali la pili halikufanana na la kwanza hata kidogo. Tasnifu ilieleza jambo moja: kwa watu hawa, swali linaloulizwa ndani hupima adabu, na swali hilohilo likiulizwa baada ya mlango hupima mtu. Jambo hilo aliliita kosa la sifuri, na Dipika hakulifuta. Kabla ya kuiwasilisha alimtumia Rita, ambaye anafanya kazi Leeds, amsaidie kurekebisha alama za uandishi. Rita alirudisha baada ya siku mbili. Koma zote zilikuwa mahali pake, na hakuwa ameandika neno lolote lingine.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Juni. Alipita, na tasnifu ndiyo iliyombeba. Kanisani walimpigia vigelegele, wale waliokuwa wakiguna wakiwa mbele. Mzee Otieno alileta samaki wa watu wawili. Jumamosi iliyofuata Rita akaja kumpongeza mama yake, na keki ya dukani, na maua.

Rita anasikia Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, tangu utotoni, na Magdalene alikwisha kuacha kugombana naye. Mezani aliuliza, "So how are you, Mum? Really?"

"Nzuri tu," Magdalene akasema, akamwongezea pilau.

Rita alipokea sahani. Alikula, akaosha vyombo, na alipokuwa akirudisha vijiko aliishika vernia, akaigeuza, akauliza ni ya nini. Magdalene akasema ni kitu cha zamani tu. Rita akaiweka mahali pake. Saa kumi, wakati wa kuondoka ulipofika, Magdalene alimkumbatia mlangoni kama siku zote, kwa maana stesheni ya Erdington ni mwendo wa dakika saba na Rita siku zote humwambia abaki ndani, baridi, mvua, magoti.

Safari hii Rita alisimama kibarazani na mkoba wake. "Get your shoes, Mum," alisema. "Walk me."

Magdalene alivaa viatu. Walipita maduka ya High Street wakiongea mambo madogomadogo, kodi ya nyumba Leeds, jirani Parminder na paka wake. Jukwaani hapakuwa na watu wengi. Waliketi kwenye benchi, bodi ikaonyesha treni baada ya dakika nne, na Rita akamgeukia mama yake, na kwa Kiswahili, kigumu kidogo, cha mtu aliyekifanyia mazoezi, akamwuliza:

"Mama, habari yako? Si ile ya nyumbani. Ya hapa."

Alikuwa ameisoma, basi. Alikuwa amesoma zaidi ya koma.

"Nzuri," Magdalene akasema, na ile "tu" ikaja mpaka kwenye ulimi, kwa mazoea ya miaka, akaimeza. "Nzuri, ila nimechoka kukaa peke yangu, mwanangu. Nimechoka sana."

Akaanza kulia, hapo mbele za watu, na Rita akamshika mkono, kama yeye alivyomshika Sahra. Kisha, kwa kuwa mlango umekwisha kufunguka, yakatoka na mengine ambayo Rita hakuwahi kuyasikia: ukungu uliokuwa ukiingia darasani, wasichana arobaini na wanne, majina yao kwenye meza, jina walilompa yeye. Akamwambia kuhusu Alhamisi ile, nyuzi zimefungwa, mawe yananing'inia, na jinsi alivyowaambia waziache hivyohivyo kwa kuwa atarudi.

Treni ya kwanza ikaja, milango ikafunguka, ikafungwa. Rita aliuliza nyuzi zilikuwa na urefu gani.

"Sentimita hamsini," Magdalene akasema, akijifuta macho. "Wa mwisho ulikuwa themanini." Akaonyesha kwa mikono, na Rita akamwambia aendelee, na treni ya pili nayo ikaondoka.